Kutoa upepo kwenye breki za gari ukiwa peke yako nyumbani, bila mtu wa kukukanyagia pedeli

Mwaka juzi nilikuwa nashuka kutoka Lushoto na IST yangu, mama yangu mzazi kakaa nyuma, buti imejaa viazi na kabichi, na ile barabara ya kushuka Mombo anayeijua anaijua, kona juu ya kona, huku mwamba huku korongo. Soni tukaipita salama. Mbele kidogo nakanyaga breki naona pedeli inazama kama nimekanyaga godoro, nakanyaga tena inapanda kidogo, ya tatu ndo gari ikashika. Mama wala hakustuka, alikuwa ananisimulia habari za msiba wa jirani. Nikaweka gia ya L, ile nzito ya mteremkoni, nikaiacha injini iishike gari, nikajisogeza pembeni palipo na upana nikazima. Nikamwambia mama tupumzike tule ndizi. Tumekaa pale kama dakika 40, breki zimepoa, nikakanyaga pedeli iko juu na ngumu kama hakijatokea kitu.

Kilichotokea ni kwamba mafuta ya breki yalichemka. Ndiyo, yanachemka. Mafuta haya yana tabia kama ya chumvi ya mezani, na sisi wa Tanga hatuhitaji kuelezwa, ukiacha chumvi kwenye kibakuli wazi asubuhi unakuta imeloa. Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu taratibu mwaka hadi mwaka, unapita kwenye mipira na kwenye kifuniko. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya kabisa yanatakiwa yasichemke mpaka yafike nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka mpaka 140, na mteremko wa milimani na mguu juu ya breki muda wote nyuzi 140 si mbali. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabinyika, mafuta hayabinyiki, basi nguvu yako yote inaishia kubinya mvuke badala ya kusukuma padi. Vikipoa mvuke unarudi kuwa maji na pedeli inarudi, ndo maana ukimpelekea fundi kesho yake anakwambia mbona breki nzima hizi.

Kwa iyo hii kazi ninayoeleza hapa inatibu mawili kwa pamoja, inatoa upepo, yaani hewa iliyonasa kwenye paipu za breki, na inabadilisha mafuta yaliyochoka. Watu wengi wanabadilisha kila baada ya miaka 2, na kwa hali ya hewa yetu ya pwani mi sioni sababu ya kuvuta zaidi ya hapo.

Sasa kwa nini peke yako. Njia ya kawaida inataka watu wawili, mmoja anakanyaga mwingine yuko chini anafungua na kufunga nipo, ile skrubu ndogo yenye tundu iliyoko kwenye breki ya kila tairi ya kutolea upepo. Nimeijaribu na kijana wa jirani pale kwangu Makorora. Nikisema shikilia, ye anaachia, nipo iko wazi, upepo unaingia fyoo, tunaanza upya. Tulianza saa 3 asubuhi, inaadhiniwa adhuhuri tupo tairi ileile. Toka siku ile nafanya mwenyewe na inachukua kama saa moja na nusu kwa gari nzima, bila kugombana na mtoto wa watu.

Kwanza hakikisha ugonjwa wenyewe ni upepo

Usikimbilie kufungua nipo. Injini ikiwa imezimwa kanyaga pedeli mara kadhaa usikilize mguu unasemaje. Ikiwa laini kama sponji halafu unavyozidi kukanyaga inapanda na kukaza, huo ni upepo. Ikiwa inashuka chini sana lakini ukikanyaga mara ya pili inakuwa juu na ngumu kama jiwe, haina usponji, na gari yako nyuma ni breki za dramu, uwezekano mkubwa ni breki shuu za nyuma zimelika au hazijasetiwa, hapo hata utoe upepo mwezi mzima hupati kitu. Na kama ukikanyaga ukashikilia pedeli inazama taratibuu mpaka chini bila wewe kuongeza nguvu, basi ama kuna sehemu inavuja ama raba za ndani ya masta, ile pampu inayosukumwa na pedeli, zimekufa. Chungulia nyuma ya kila tairi na kwenye paipu zote. Ukiona pamelowa tibu hapo kwanza, kutoa upepo kwenye kitu kinachovuja ni kuchota maji kwa pakacha.

Na kama gari yako ni haibridi, Prius, Aqua na jamaa zao, hii njia usiitumie. Breki zile zina pampu yake ya umeme inayoweza kujiwasha yenyewe hata ukifungua mlango, zinatakiwa zitolewe upepo kwa mashine ya kompyuta. Gari ya kawaida yenye ABS, mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukishika breki ghafla, haina shida alimradi kikopo cha mafuta ya breki hakijakauka kabisa, kikikauka hewa ikaingia mpaka kwenye boksi la ABS inaweza kukulazimu uitafute mashine hiyohiyo.

Vitu vya kuwa navyo

Mafuta ya breki, soma kwenye kifuniko cha kikopo pameandikwa DOT ngapi. DOT 3 na DOT 4 ni ndugu, ukiweka 4 mahali pa 3 hakuna ubaya tena ndo vizuri zaidi, kiwango chake kikiwa kipya ni nyuzi 230. Ila DOT 5 iache dukani, hiyo ni silikoni, haichanganyiki na hizi. Kinachochanganya watu ni kwamba kuna DOT 5.1 ambayo yenyewe ni ya ukoo wa 3 na 4, sijui aliyepanga majina alikuwa anawaza nini. Nunua chupa iliyofungwa na sili yake, lita moja inatosha kubadilisha gari ndogo yote na chenji inabaki. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa stoo usiitumie, imeshakunywa unyevu.

Na usije ukaongezea oili ya injini au ya stelingi kisa zote ni mafuta. Kuna fundi mmoja aliniwekea ya stelingi kwenye gari niliyokuwa nayo kabla ya hii, wiki haikuisha raba zote za masta mpaka za kwenye kalipa, zile zinazobana padi kwenye diski, zimevimba kama maandazi, breki zinashika hazitaki kuachia, ikabidi nibadilishe kila chenye raba. Hela iliyonitoka pale ndo ilinifanya nijifunze kazi hii.

Mpira unaopitisha macho, uone kinachopita ndani. Wa dripu nilijaribu ni mwembamba mno haukuvaa. Ninaotumia ni ule mweupe wa mafundi ujenzi wanaopimia levo, chagua wenye tundu kama milimita 5 au 6, ubane kwenye nipo, kata mita moja. Ukikataa kuvaa chovya ncha kwenye maji ya moto kidogo. Halafu chupa ya maji ya nusu lita, toboa kifuniko tundu la kupitisha mpira na kitundu kingine kidogo cha kupumulia, tafuta na waya wa kuining'iniza. Spana ya ringi ya saizi ya nipo, mara nyingi ni namba 8 au 10, pima kabla. Spana ya mdomo wazi itakuvirigia nipo. Bomba la sindano kubwa la duka la dawa bila sindano yake, jeki, wili spana, stendi au gogo zito, mawe ya kukingia matairi, matambara, ndoo ya maji na sabuni. Na kipande cha ubao, nitaeleza wa nini.

Jioni ya kuamkia siku ya kazi

Huu ushauri ni hasa kwetu tunaoishi na upepo wa chumvi. Nipo zinashika kutu. Ukienda kichwakichwa asubuhi ukaipindisha inakatika, ile kitu ina tundu katikati, haina nguvu, na ikikatikia ndani umeanzisha shughuli nyingine ya kuchimbua au kununua kalipa. Jioni vua zile kofia zake za raba, kwangua kutu kwa brashi ya waya, puliza dawa ya kulegeza kutu kwenye uzi wake, iache ilale. Asubuhi gongagonga pembeni kwa nyundo ndogo, gonga chuma kinachoizunguka usiigonge nipo yenyewe, halafu jaribu kwa spana fupi. Ikigoma puliza tena usubiri, usitafute bomba la kurefushia spana.

Kazi yenyewe

Egesha mahali tambarare pagumu, si mchangani. Gia iwe P, au namba moja kama ni manyuo, kingia mawe matairi yanayobaki chini, mbele na nyuma. Mi nainua kona moja moja. Legeza nati kidogo kabla ya jeki, inua, weka stendi au gogo, ndo utoe tairi, na hilo tairi lilaze chini ya gari pembeni ya jeki, jeki ikisaliti gari ikalalie tairi isikulalie wewe.

Fungua boneti. Futa kikopo cha mafuta ya breki kwa nje kwanza, punje ya mchanga ikiingia humo imeingia kwenye masta. Vuta mafuta ya zamani kwa bomba la sindano mpaka yabaki kama robo, usikaushe, halafu jaza mapya mpaka kwenye mstari wa juu. Tandaza tambara kuzunguka kikopo maana mafuta haya yanakula rangi kama tindikali. Hadi leo kwenye madigadi yangu kuna doa la ukubwa wa kisosi, tone tu lilidondoka nikasema nitafuta baadaye. Likidondoka mwagia maji ya sabuni hapohapo. Kifuniko rudishia kiegame tu juu usikikaze.

Sasa ule ubao. Masta ya gari iliyotembea, raba zake zimezoea kutembea eneo moja miaka yote, huko mbele zisikofika kuna kutu na uchafu. Ukiikanyaga mpaka sakafuni unaziburuza raba kwenye kutu, ulikuja kutibu pedeli laini unaondoka na masta mbovu. Weka ubao chini ya pedeli, unene kama wa vidole vitatu, isifike mwisho.

Unaanzia mbali. Gari zetu usukani uko kulia na masta iko kulia, kwa iyo tairi ya mbali ni ya nyuma kushoto, inafuata nyuma kulia, mbele kushoto, unamalizia mbele kulia. Kuna gari ambazo mfumo wake unakatiza kona kwa kona na kitabu chake kinataka mpangilio mwingine, ukiwa na kitabu fuata kitabu.

Vika spana kwenye nipo kwanza, halafu ndo uvike mpira juu yake, ukigeuza utaratibu huu utavua tena. Chupa mimina mafuta mapya kidogo, kama vidole viwili, ncha ya mpira izame ndani. Na hapa ndo siri yote ilipo, mpira utoke kwenye nipo ukipanda juu kwanza kama shingo ya bata kabla ya kwenda kwenye chupa, na chupa ininginie juu kuliko nipo, mi naifunga kwenye springi kwa waya. Upepo kawaida yake ni kupanda, ukishatoka kwenye nipo unapanda juu ya mpira haurudi tena, na hata pedeli ikivuta kidogo inavuta mafuta yaliyo kwenye mpira badala ya hewa. Ukiacha mpira unaninginia chini utakanyaga mpaka jioni.

Fungua nipo robo mzunguko, usizidishe, ukifungua sana hewa inapenya kwenye uzi wake. Nenda kaa kwenye kiti, kanyaga taratibu mpaka ubao, hesabu moja mbili, achia taratibu vilevile. Usipige harakaharaka, ukipiga hivyo povu kubwa linavunjika kuwa mapovu madogo madogo yanayoganda ndani hayatoki. Kanyaga mara 8 ushuke. Angalia kikopo, ongeza. Angalia mpira. Mara ya kwanza utaona mafuta yanatoka rangi ya chai ya mkandaa, katikati vipunje vya hewa vimejipanga kama mbegu za nyanya, vinapanda kimojakimoja vinafika shingoni vinajikusanya. Mi hapo huwa nachuchumaa naangalia tu, inaridhisha. Rudi kanyaga 8 nyingine. Endelea mpaka yatoke meupe kama yaliyo kwenye chupa ya dukani na vipunje vimeisha, halafu ongeza 8 za mwisho. Tairi ya nyuma kushoto itakula mafuta mengi kuliko zote sababu paipu yake ndo ndefu, za mbele zinaenda chapu.

Kila mara 8, kikopo. Nasisitiza kwa sababu mara yangu ya kwanza nilifika tairi ya tatu nikaanza kujisifu, nikapokea simu, nikakanyaga huku naongea, kwenda kuangalia kikopo kimekauka na masta imevuta hewa. Nikarudi tairi ya kwanza. Na mafuta yalikuwa yameisha, nikapanda baiskeli mpaka Ngamiani kununua mengine huku gari iko juu ya mawe.

Ukimaliza kona funga nipo kabla hujavua mpira. Kaza kwa spana fupi na mkono mmoja, ikishafika mahali pake ongeza kidogo basi. Inaziba kwa ncha yake ya ndani, si kwa nguvu zako, na wala usiizungushie ile tepu nyeupe ya mabomba. Futa, mwagia maji, rudishia kofia, rudishia tairi, hamia inayofuata.

Asiye na mpira wala chupa kuna njia ya gongo. Unakanyaga mara kadhaa, unaikandamiza pedeli kwa gongo ulilolikaza kwenye kiti, unashuka unafungua nipo inatoa mchuruziko, unafunga, unarudi kutoa gongo. Inafanya kazi ila unatembea kama uko kwenye Sai baina ya Safa na Marwa, na kila ukisahau kufunga umerudi nyuma hatua kumi. Nyingine ni kufungua nipo na kuacha mafuta yadondoke yenyewe, tone tone, nzuri kwa mwenye muda, we unywe kahawa ila jicho libaki kwenye kikopo.

Umemaliza na bado pedeli laini

Rudia mzunguko mara moja, mara nyingine kuna povu lilijificha. Ikikataa tena angalia nipo za mbele zimekaa upande gani. Jamaa yangu mmoja wa Sahare kabadilishiwa kalipa mbili gereji, toka siku hiyo breki laini, wametoa upepo mara tatu, wakamuuzia na masta mpya. Nilipoinama nikakuta nipo zinatazama chini. Kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia, zinaingia vizuri kabisa, ila nipo ikiwa chini upepo unabaki juu umestarehe haupiti pale milele. Tulizibadilisha pande, nusu saa pedeli ngumu. Masta yake ya zamani ilikuwa nzima.

Kujaribu

Toa ubao kwanza! Mi niliwahi kuondoka nao. Injini ikiwa imezimwa kanyaga mara tano, iwe ngumu. Shikilia kwa nguvu kama nusu dakika, isizame. Huku mguu uko palepale washa injini, pedeli itashuka kidogo chini ya mguu na kusimama, hiyo ni buusta, kifaa kinachoongezea nguvu ya mguu, inafanya kazi usitishike. Mi niliwahi kuondoka nao. Kaza nati za tairi kwa msalaba gari ikiwa chini, funga kikopo, mafuta yawe katikati ya mistari miwili.

Hapo nenda mbele nyuma uani kwa mwendo wa mguu, unashika unaachia, ndo utoke. Mi naenda barabara ya Raskazone asubuhi na mapema hamna watu, spidi 20 nashika, 40 nashika, naangalia kama inavuta upande mmoja. Ikivuta narudi kuangalia.

Mafuta machafu usiyaache kwenye chupa ya soda jikoni, ni sumu na yana utamu utamu, watoto na paka hawaulizi. Andika juu ya chupa, weka mbali, peleka gereji wanakokusanya oili chafu, waambie ni ya breki wasichanganye. Mtaroni hapana.

Usiku ule tandika kipande cha boksi nyuma ya kila tairi. Asubuhi kabla hujawasha chungulia vyote vinne. Kikiwa kikavu nenda zako, kikiwa na tone kaza nipo ya upande huo kidogo, osha, tandika boksi jingine ulale nalo usiku mwingine.